Mjenzi: Ben

Katika chama cha wakulima wa ndengu pale Zombe, mgeni haketi kabla hajajitambulisha. Awe mchungaji, awe muuza dawa ya panya, atasimama mbele ya watu aseme jina lake, kwao ni wapi na nani alimlea. Kwa hiyo Nzilani hakushangaa mwenyekiti Muthama alipotaka programu yake ya kupimia mazao nayo ijitambulishe.

"Hatuwezi kupimiwa ndengu na kitu hatujui," alisema Muthama.

Nzilani alikuwa amejiandaa. Alichomeka kompyuta kwenye projekta ya kanisa, akaandika *pima --version*, amri ya kuiuliza programu habari zake, na maneno yakatokea ukutani:

*Jina: Pima*
*Toleo: 0.9.2*
*Imejengwa: Zombe, 14 Machi*
*Mjenzi: ben*

Watu wakapiga makofi. Nzilani peke yake aliusoma tena mstari wa mwisho. Kompyuta ile aliinunua mitumba kwa Ben, muuza vifaa wa Matiliku, na hakuwahi kubadilisha jina la mwenye mashine. Programu ilipojengwa ilichukua jina ililolikuta humo, kama alivyoiagiza mwenyewe bila kufikiri. Na kikao kile kiliitwa kwa jambo moja tu, kumwajiri aliyeijenga Pima. Nyuma kabisa alikaa baba yake, Mzee Mutisya, ambaye alikuwa ameshawalalamikia majirani kwamba binti yake anashinda ameikodolea kompyuta macho na kazi hana.

"Ben ni nani?" Muthama akauliza.

"Ni mwenye aliniuzia laptop. Programu ni mimi nimejenga."

"Nzilani, hii kitu imesema yenyewe. Hakuna mtu ameilazimisha."

Nzilani akampigia Ben, simu ikawekwa spika ukumbi mzima usikie. Ben akasema hajui programu yoyote, yeye huuza laptop na chaja, kwani kuna shida? Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Mmesikia huyo?" Muthama akasema. "Fundi wa kweli hajisifu."

Wakamwomba Ben aje achukue kazi. Ben akasema hawezi kuacha duka, akakata simu. Heshima ikazidi.

Hasira ilimpanda Nzilani. Alibadilisha jina, akaijenga Pima upya mbele ya macho yao, akaiuliza tena. Safari hii ukuta ulisema mjenzi ni nzilani.

Ndunge, mweka hazina, akatikisa kichwa. "Hii imezaliwa saa hii. Bado hata haijapoa, na inataka kupimia watu wazima?"

"Tena imebadilisha ushahidi," Muthama akaongeza, "baada ya kukaa na wewe hapo kando."

Ikapigwa kura. Mikono yote ikaenda kwa Pima ya kwanza, ile ya Ben. Hata Mzee Mutisya aliinua wake, na hilo lilimuuma Nzilani kuliko mengine yote. Akafunga kompyuta.

Lakini Ndunge hakupenda kazi ikae bila mtu. "Kazi ni ya Ben," alisema, "na Ben hataki. Huyu msichana anajua kuiendesha. Si basi yeye ndiye awe Ben?"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliuliza kama msichana anaweza kuwa Ben. Muthama akafikiri sana, akasema katiba ya chama haijakataza. Ikapita bila kipingamizi, na Ben akaambiwa aripoti Jumatatu.

Nzilani alikuwa ameshatia kompyuta kwenye begi aende zake, aachane na chama na ndengu zao. Ndipo baba yake akaja kutoka nyuma, kofia mkononi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu amalize shule. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Mlangoni walikutana na Kyule, jirani yao, aliyechelewa kikao.

"Mutisya, wanasema fundi amepatikana. Ni huyu?"

"Ni huyu," mzee akasema. Alikuwa amesimama wima, kifua mbele. "Huyu ni Ben. Ni mtoto wangu."

Nzilani alifungua mdomo akanushe. Akamtazama baba yake, kisha akampa Kyule mkono.

"Ben," akasema.