Estelle Iko Pale

Karatasi ilitoka ndani ya mufuko wa Estelle, mutoto wangu, siku ya Jumatatu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa kwa Kifaransa, basi nikaipeleka kwa Ayoubu, fundi wa baiskeli, jirani yangu hapa sokoni Kasongo. Watoto wake wanasoma shule moja na Estelle. Ayoubu akapangusa mikono, akasoma, akakohoa.

"Mama Estelle, wanasema mutoto hakufika shule siku makumi tatu na moja. Jumamosi, kwenye mukutano, wazazi watapitisha jina lake lifutwe shuleni."

Mimi Régina niko mutu wa hasira, sifichi. Niliacha mabidon yangu ya mafuta ya mawese pale chini, nikaenda nyumbani mbio. Kila asubuhi ninamusuka, ninamuvalisha shati nyeupe, kumbe anaendaga wapi? Nikamukuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamushika mukono, nikamutolea karatasi machoni, na mwiko wa kusonga bukari juu ya kichwa chake.

"Unaendaga wapi? Sema!"

Sema! Mimi mama yake nikasahau. Estelle hasikii tangu alipokuwa na miaka mine. Surua ilimuachia macho, ikamunyanganya masikio. Akanitazama mudomo, akatazama karatasi, akakimbia ndani. Nikajua anakimbia mwiko. Kumbe anaenda kuleta kaye yake, daftari la shule.

Akaifungua. Juu ya kila ukurasa kulikuwa tarehe, ileile mwalimu anaandika kila asubuhi ubaoni, kwenye tablo. Estelle akaweka kidole kwenye tarehe ya kwanza, akajigonga kifua: mimi. Akafungua ukurasa mwingine, akajigonga tena: mimi. Hakuna siku iliyokosa. Nikautupa mwiko kule. Nilisikia haya sana, mimi mutu muzima.

Asubuhi ya Jumanne nikasimama dirishani kwa kalasi ya mwaka wa tatu. Mwalimu Déo aliinamia kitabu chake, anaita majina.

"Sarah-Grâce!"

"Prezan!"

"Estelle!"

Kimya. Estelle alikuwa kwenye kiti cha mbele, mugongo wima, anatazama tablo. Déo akaandika A yake, absan, maana yake hayupo, bila kuinua macho.

"Iko pale!" nikapiga kelele. "Mbele ya pua yako, Mwalimu! Uko na macho ao vipi?"

Kalasi yote ikacheka. Déo si mutu mubaya. Alitoka, akanieleza pole pole kwamba ana watoto makumi saba na mbili, na akimutafuta kila moja kwa macho, hesabu itaanza saa ngapi? Asiyejibu, anaandikwa absan.

Direkta Octave, mukubwa wa shule, akasikia kelele, akaja. "Mama, hapa mutoto anajibu kwa mudomo. Ndiyo sheria. Asiyeweza, shule ya viziwi iko Kindu."

"Kindu? Mutoto wa miaka tisa? Atalala kwa nani?"

"Jumamosi wazazi wataamua. Wao ni wengi kuliko wewe."

Neno lile likanikaa kichwani njia yote. Sawa, nikasema, basi acha niwaone hao wazazi.

Ayoubu ndiye alinikumbusha kwamba hata sisi, kwenye mukutano, Direkta anatuita majina kichwa chini. Tukatazamana. Tukaanza kucheka kama wajinga. Kwa siku nne nikapita nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na nilimuomba kila muzazi kitu kimoja tu: Jumamosi ukiitwa, inua mukono, funga mudomo. Wengine walikubali mara moja. Wengine walinitoa kwa heshima. Baba moja aliniuliza kama nimekunywa.

Pascaline ndiye alinikata maini. Carine wake anakaa kiti kimoja na Estelle.

"Régina, mutoto wangu ameanza kuongea na mikono. Juzi aliniomba chumvi kwa vidole! Atakuwa bubu."

"Ububu hauambukizi!"

"Unajua wewe? Uko munganga?"

Nikaondoka kabla sijaharibu. Hakunijibu ndiyo, hakunijibu hapana.

Jumamosi kalasi kubwa ilijaa mpaka mulangoni. Nje, kwenye dirisha, Estelle na Carine walisimama wakichungulia. Direkta akafungua kitabu, akainama.

"Baba Emile!"

Mukono ukainuka. Mudomo kimya.

"Absan," akasema Direkta, akaandika. "Ayoubu!"

Mukono wenye grisi ukapanda juu. Absan. Wa tano akasahau, akajibu "Prezan!" kwa nguvu, muke wake akamupiga kiwiko. Majina yakaenda, mikono ikapanda na kubaki juu. Absan, absan, absan.

"Mama Carine!"

Pascaline akafungua mudomo. Niliuona unafunguka. Halafu akatazama dirishani. Carine alikuwa ameinua mukono wake, anamukazia mama yake macho. Pascaline akafunga mudomo. Mukono wake ukapanda pole pole, ukafika juu.

"Mama Estelle!"

Mimi, ambaye soko lote linanijua kwa mudomo, nikauma meno, nikainua mukono.

Direkta akafunga kitabu. "Waliofika ni watatu tu. Mukutano hauwezi..." Akainua kichwa. Mbele yake mikono zaidi ya makumi tano.

"Andika vizuri, Direkta," Ayoubu akasema. "Sisi sote absan. Utufute."

"Lakini muko hapa! Ninawaona!"

Hapo nikafungua mudomo wangu. "Na Estelle alikuwa pale siku makumi tatu na moja. Nani alimuona?"

Nikaweka kaye yake mezani. Direkta akafungua ukurasa moja, akafungua mwingine, tarehe kwa tarehe. Mwisho akamusukumia Déo kitabu cha majina. Déo akachukua kalamu, akafuta A zote, moja moja.

Tukapitisha palepale: toka Jumatatu kila mutoto atainua mukono, na mwalimu atainua macho. Pascaline akasimama kuongeza kwamba kalasi nzima ijifunze vidole vile, Carine atawafundisha.

"Ah, bubu hakuogopeshi tena?" nikamutania.

"Nyamaza, Régina."

Jumatatu nilirudi dirishani. Déo akaita jina, akatazama. Carine akamugusa Estelle bega. Mutoto wangu akainua mikono miwili, akaikaza juu, akakataa kuishusha. Déo aliandika, akamuonyesha kwa kichwa, basi, imetosha. Mikono ikabaki juu.

"Mama Estelle, mwambie mukono moja unatosha."

"Mwache, Mwalimu. Ana siku makumi tatu na moja za kujibu."