Kibegi na Batani ya Mpingo

Gemu la mkononi lilikuwa chini kabisa ya sanduku la baba, limeviringishwa kwenye kipande cha shati lake kuukuu. Genoveva alilijua kabla hajalifungua. Mkono ulilikumbuka upesi kuliko kichwa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka tisini na tisa, nyumbani kwao Kimara. Jumamosi ingekuwa arobaini ya baba yake, Mzee Anselmo mchongaji. Mama yake, Mama Yuliana, alikuwa amemwagiza atoe zana zote za marehemu, azifute vumbi na kuzipanga mkekani, kwa sababu Jumamosi wazee wa kijiwe cha wachongaji cha Mwenge wangekuja kuzigawa mbele za watu. Kijiweni kwao ndivyo walivyozoea. Patasi, tupa na visu apewe yeyote anayevihitaji, lakini tezo, kishoka cha kuchongea, ile iliyong'aa mpini kwa jasho la miaka thelathini, huachiwa mtoto wa marehemu aliyefundishwa kazi. Mtoto wa kiume wa Mzee Anselmo hakufundishwa. Kwa hiyo tezo ingekwenda kwa mwanafunzi wa Mzee Gregori, kijana mwenye adabu zake, na jambo hilo lilikuwa limekwisha kabla ya kuanza.

Huyo mtoto wa kiume, Marselino, alikuwa amefika jana yake kwa basi la Mtwara. Alisalimia watu, akanawa, akaenda kukaa uani kwenye banda la baba bila kugusa kitu. Umri wake miaka ishirini, viganja vyake vya mtu wa arobaini, vimekomaa kwa jembe na mikorosho ya mjomba wao kule Newala. Kila Genoveva alipoviona viganja vile alijisikia vibaya, kisha akakasirika kwa kujisikia vibaya. Ndivyo alivyo, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyeweza kumbadilisha.

Na sasa gemu hili hapa.

Lilikuja nyumbani mwaka tisini na tatu, siku zile ambapo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kona kuna mtu anauza kitu ambacho jana hakikuwepo. Mgeni mmoja aliyekuwa akihama nchi alipenda kinyago cha Mzee Anselmo, shetani mwenye masikio matatu, akakichukua kwa fedha kidogo na gemu la mwanawe juu yake. Wachongaji wenzake walimcheka wiki nzima. Shetani mzima wa mpingo kwa toi la plastiki! Mzee alifika nyumbani akalitoa kwenye kikapu, akawaambia wanawe, "Haya, chezeni. Mkigombana nalirudisha."

Waligombana siku hiyo hiyo, na wala hakulirudisha.

Ndani yake kulikuwa na kaseti moja tu. Mtoto wa jirani aliyewahi kuona mambo hayo mjini aliwaeleza kwamba gemu la kweli ni la Komando, jitu lenye deraya na upanga, na kwamba nyuma yake hutembea chura mdogo aliyebeba begi. Katika kaseti yao Komando alikuwa amekamatwa, kafungiwa ndani ya chupa huko mwisho wa dunia, na aliyebaki kwenda kumtoa ni chura. Marselino aliudhika. Alihisi wamepunjwa, kama mtu aliyenunua tiketi ya kumwona mwimbaji akaletewa mbeba vyombo. Genoveva, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimpenda chura papo hapo, akampa jina la Kibegi. Hakuwa na upanga wala ngumi. Kazi yake ilikuwa kuruka: aruke shimo, aruke nyoka, aruke moto, huku begi likimgonga mgongoni.

Sheria ya nyumbani ilikuwa ukifa, toka, zamu ya mwenzio. Kioo cha gemu hakikuwa na taa, kwa hiyo aliyesubiri zamu alishika kioo cha kunyolea cha baba na kulielekeza jua kwenye gemu mkononi mwa anayecheza. Gemu halikuwa na namna ya kuhifadhi ulipofikia. Ukilizima, Kibegi anaanza upya. Na betri zikichoka walizianika juu ya bati tangu asubuhi, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine, ambayo haikutosha kufika kwenye chupa hata siku moja. Nusu saa zile, Genoveva alifikiri akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku, ndizo alizokuwa nazo tamu kuliko zote.

Halafu batani ya kurukia ikang'oka, ikapotea mchangani. Genoveva alilia siku mbili bila mapumziko. Siku ya tatu baba yao alichukua kipande cha mpingo kisichozidi punje ya korosho, akakaa nacho bandani tangu adhuhuri, akachonga batani mpya. Juu yake aliweka uso mdogo unaocheka, wenye mashavu, na ukiugusa kwa kidole gumba unausikia. Siku iliyofuata alilibeba gemu hadi Mwenge akawaonyesha wale wale waliomcheka. Walipokezana, mmoja akaomba achongewe ya redio. Mzee Anselmo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye Genoveva alifika kwenye chupa. Betri zilikuwa mpya, zawadi ya kufaulu mtihani. Komando alionekana ndani ya kioo akipunga mkono, na kati yake na Kibegi kulikuwa na shimo moja tu. Genoveva akabonyeza. Kibegi hakuruka. Akabonyeza kwa nguvu zote, na Kibegi akatembea taratibu na begi lake mpaka akatumbukia.

Tangu hapo hakuruka tena. Genoveva alimkumbuka Marselino asubuhi ile ameshika gemu mkono mmoja na kikombe cha chai mkono mwingine, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, "Kamwagia chai! Baba, kaka kamwagia chai!" Baba yao alitoka bandani. Alimuuliza Marselino mara moja tu, "Ni wewe?" Marselino alilichukua gemu, akaliangalia, akalisogeza usoni. Kisha akasema, "Ni mie, baba. Nisamehe."

Mzee Anselmo hakumchapa. Ingekuwa afadhali angemchapa. Alisema mkono usiojua kutunza kitu hatauachia tezo yake. Likizo ilipofika akampeleka kwa mjomba Newala, na kile ambacho Marselino alikuwa akikisubiri tangu akiwa na miaka sita, kukaa mkekani upande wa kulia wa baba yake, kikaishia hapo.

Alhamisi hiyo, mbele ya sanduku, Genoveva alitoa betri kwenye redio ya mama, akaziweka kwenye gemu. Likawaka! Muziki ule ule wa kipuuzi ukalia, na kabla hajajizuia alikuwa anacheka peke yake na machozi yanamtoka. Kibegi akatembea hadi shimo la kwanza. Genoveva akabonyeza ule uso wa mpingo. Kibegi akatumbukia, kwa unyenyekevu ule ule.

Kwa nini alilifungua, mwenyewe hakuweza kueleza vizuri baadaye. Labda alitaka kuiona hiyo chai, aione kwa macho yake, moyo utulie kabla ya Jumamosi. Skrubu ndogo za gemu zilikwisha kupotea siku baba alipoweka batani, na tangu hapo lilishikiliwa na ukanda wa mpira wa baiskeli. Aliufungua, akatenganisha pande mbili, akachungulia.

Chai haikuwemo. Chini ya batani, juu ya ile sahani yenye nyaya, palikuwa na ukoko wa kahawia, mzito, umeganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria. Alikwangua kwa ukucha, akanusa. Ilikuwa harufu ya baba yake.

Ilikuwa dawa ya viatu. Wachongaji wa pale kijiweni huvipaka vinyago dawa ya viatu, huvisugua mpaka mpingo ung'ae, na Mzee Anselmo hakuwahi kuruhusu kitu kitoke mkononi mwake bila kupakwa. Alipaka hata mpini wa mwiko wa mama. Lakini alikuwa na utaratibu wake: kitu kikishapakwa kinakaa dirishani jua mbili, yaani siku mbili nzima, kikauke, ndipo kiguswe. Batani ile haikukaa hata saa moja. Genoveva alijua kwa sababu alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda anarukaruka kama ana mkojo, akisema, "Baba, bado? Baba, harakisha! Baba, inatosha!" Na baba yake, aliyewahi kumsubirisha mteja mwenye gari wiki nzima, alicheka akaiingiza batani ikiwa mbichi. Joto la Dar likamalizia kazi.

Alitoka uani na gemu limefunguka mikononi. Marselino alikuwa amekaa pale pale. Aliliona, akainamisha kichwa.

"Haikuwa chai," Genoveva akasema.

"Haikuwa."

"Ulijua?"

"Nilinusa tu, Veva. Dawa ilikuwa mbichi."

"Sasa kwa nini hukusema? Kaka! Miaka sita!"

Marselino alijikuna kiganja. "Kijiwe kizima kilikuwa kimeiona ile batani. Ulimwona alivyorudi siku ile? Nikawaza, nikisema ni dawa yake, kesho akienda Mwenge atawaambia nini? Nikajua atanichapa, basi yaishe. Mambo ya Newala sikuyajua."

"Mie nawaambia wote Jumamosi. Naapa."

"Usimwaibishe baba kwenye arobaini yake. Nakuomba, mdogo wangu. Tezo ni chuma tu."

Haikuwa chuma tu, na jinsi alivyolitamka neno lenyewe ilionyesha hivyo. Genoveva alirudi ndani, akalia kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi, baada ya misa na chakula, Mzee Gregori alikaa mbele ya mkeka. Huyu alichonga bega kwa bega na marehemu tangu walipokuja mjini. Aligawa tupa, akagawa patasi. Aliposhika tezo na kumtazama mwanafunzi wake, Genoveva alisimama katikati ya watu wazima waliokaa, na mama yake akamvuta kanga bila mafanikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akamwekea batani kiganjani. Mzee aliigeuza, ule uso mdogo ukamchekea, naye akatabasamu. "Hii ninaijua. Alitutambia nayo marehemu!"

"Mie ndiye niliyeiharibu," Genoveva akasema. "Baba alitaka ikae jua mbili. Mie nikamharakisha mpaka akaiweka mbichi, dawa ikayeyukia ndani, gemu likafa. Halafu nikamsingizia kaka. Kaka alinusa akajua ni dawa haijakauka, akanyamaza ili baba asione haya mbele yenu. Akaenda Newala kwa ajili yangu. Nimewakosea wote wawili na siwezi kukaa kimya."

Mama Yuliana alijifunika uso. Marselino alikuwa ameangalia chini kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa.

Mzee Gregori aliisogeza batani puani, akavuta pumzi. Macho yakamlowa. "Marselino. Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne, mzee."

"Nani alikufundisha kujua dawa mbichi kwa kunusa?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwaga nakaa tu pale bandani, namwangalia."

Mzee aligeuka kwa mwanafunzi wake. "Wewe nimekaa nawe miaka minne. Unaweza?" Kijana akacheka kwa aibu, akatikisa kichwa. Ndipo mzee akainuka kwa kujikongoja, akavuka mkeka, akaiweka tezo mapajani mwa Marselino. "Tumeambiwa tumpe mtoto aliyefundishwa. Basi huyu hapa. Mengine utayafuata Mwenge, Jumatano. Usichelewe."

Marselino aliufumbata mpini kwa viganja vyote viwili, akalia bila kujificha.

Jumapili jioni alikwangua ukoko wote wa gemu kwa kijiti cha kiberiti na pamba yenye spiriti. Akaipitishia batani msasa, akaipaka dawa kidogo, akaisugua kwa kitambaa cha shati la baba, akaiweka dirishani. Jumatatu ikapita. Jumanne mchana betri zilikuwa juu ya bati tangu asubuhi, kioo cha kunyolea kimefutwa, na Genoveva amekaa kibarazani amebana mikono katikati ya magoti.

Marselino akaitoa batani dirishani, akainusa kwa makini.

"Bado," akasema, akairudisha.

"Sawa, kaka," Genoveva akasema. Wakaendelea kukaa.