Mikono ya Saa Saba

Asenath alikuwa jikoni kwake Minjila, ungo mapajani, akichagua mawe kwenye mchele huku redio ikisoma matangazo ya vifo, pale mikono miwili ilipoingia na karai jeusi na kulitua mafigani bila hata hodi. Ilikuwa imeishia viwikoni. Aliitambua kwa kovu la shoka kwenye kidole gumba cha kushoto. Ilikuwa mikono ya binti yake, Metrine, aliyepelekwa Malesia kufanya kazi za nyumbani, na ambaye simu yake haikuwa imepatikana tangu Pasaka.

"Karibu, mama," alisema Asenath, akasogeza sufuria yake ya maharagwe kando.

Ilikuwa saa saba mchana. Huko Malesia jua lilikuwa linazama na wenye nyumba walitaka chakula cha jioni. Tangu hapo mikono ikawa inakuja kila siku wakati huo, nyama na viungo vyote vimo ndani ya karai. Ikimaliza kupika hubeba karai na kuondoka, na Asenath hubaki na harufu.

Alikuwa mpweke, tusifichane. Mumewe alishazikwa, na jioni aliongea na redio. Kwa hiyo hata mikono mitupu, isiyo na uso wala sauti, ilimfaa. Siku ya pili aliiuliza, "Unarudi lini?" Mikono haina masikio. Iliendelea kuponda mchaichai.

Qabale, jirani aliyemletea maziwa, alichungulia mlangoni. "Mama Metrine, mtoto amekonda huyu. Ona mkono."

"Nimeona."

"Mpe maziwa basi," alisema Qabale, kisha akakumbuka kwamba mdomo haukuja, akayatua maziwa kizingitini.

Siku moja Asenath alishindwa kujizuia. Aliikumbatia mikono kifuani, akakataa kuiachia mpaka alasiri. Ikavuta, ikalegea, ikavuta tena. Kesho yake ilirudi na alama ya pasi nyuma ya kila kiganja, ncha na yote. Asenath alijua huko kuna mtu aliyecheleweshewa chakula. Alijua pia nani aliyekichelewesha, na hilo ndilo lililomkata maini.

Akaenda Garsen kumleta wakala aliyemsafirisha Metrine. Wakala alikaa kwenye kigoda, akaitazama mikono ikikata nyama vipande vyembamba, akaziona na zile alama.

"Si unaona mwenyewe, mama?" alisema. "Yuko kazini."

Akanywa maji, akashukuru, akapanda pikipiki.

Basi Asenath akajikaza kisabuni, akaamua kujifunza mapishi ya huko. Alidhani wali hautamshinda, maana amelima mpunga tangu utotoni, lakini mikono ilisukuma kikombe chake pembeni. Huko maji hupimwa kwa kidole: ncha iguse mchele, maji yafike pingili ya kwanza. Alipofunua kifuniko kuchungulia, alichapwa kofi mkononi.

"Heh! Mimi si ndiye niliyekufundisha kuwasha moto?"

Mafuta sharti yatoe moshi kabla ya kitunguu saumu kuingia. Nyama hukatwa kwa kukatiza nyuzi zake, na upawa haupumziki. Samaki hakaangwi. Huwekwa mzima juu ya maji yanayochemka, aive kwa mvuke na tangawizi. Kwa mazoezi aliharibu kambale wengi wa mtoni, akawala hivyo hivyo, peke yake, bila wa kumcheka.

Mvua za vuli zilipoanza alikuwa akipika yote mwenyewe. Mikono ilikaa mapajani mwake, imepakwa mafuta ya nazi, na karai likianza kulia vidole vililegea vikalala. Alipika taratibu kadiri alivyothubutu. Wakati ulipofika aliiamsha kwa kuipapasa, akaikabidhi karai.

Wenye nyumba hawakujua ni nani anayewapikia, ila chakula walikipenda. Jumapili moja Asenath alitoka kanisani mbio, akakuta mikono imeshafika. Ilikuwa na makarai mawili, maana huko walikuwa wameanza kualika wageni. Akaipakata, akaipaka mafuta, akaongeza kuni.