Panya wa Siku Tatu

Nimechoka. Nasema mapema, asije mtu kuniambia mvumilivu hula mbivu. Zangu zimeniozea mkononi.

Kazi yangu ni kuchungulia milango. Seli ya neva ina vilango vidogo vya kupitishia ioni, yaani chembe za chumvi zenye umeme. Kitoto cha panya kikizaliwa, vilango hivyo ni vizito na umeme wake unajikokota. Siku chache baadaye vilango vyepesi huchukua zamu, umeme ukaanza kwenda mbio. Nilitaka kujua zamu inabadilika siku ya ngapi, basi. Shahada yangu yote imesimama juu ya hilo, na mkuu wa maabara anataka jibu Ijumaa.

Lakini seli za vitoto vyangu vya siku tatu zilinigeuka. Leo zinajikokota, kesho zinakimbia kama za wiki nzima. Nikabadilisha sindano za kioo za kupimia umeme. Nikachanganya maji ya chumvi upya. Nikamgombeza mume wangu kwa kosa la kupumua karibu nami.

"Labda mkono wako unatetemeka," mkuu akasema. Siku hiyo nilikula hasira mchana kutwa.

Jana asubuhi niliwahi chumba cha panya. Mtunzaji wao, tunayemwita Baba Panya, alikuwa na kitoto kiganjani, anakitoa tundu moja kukipeleka jingine.

"Unafanya nini, baba?"

"Hiki kinyonge, daktari." Ananiita daktari, ingawa bado. "Wenzake wanakisukuma, hakipati ziwa. Nakipeleka kwa mama wa huku, watoto wake ni wachanga, watalingana."

"Kina siku ngapi?"

"Sita. Ila kimedumaa, ukikiweka na hawa wa siku tatu hukijui."

"Umeanza lini kuwahamisha?"

"Tangu nianze kazi hapa. Nikiache kife njaa nikikiona?"

"Unaviwekea alama?"

"Alama ya nini? Mtoto ni mtoto."

Zaidi ya mwaka wa kazi, na sasa sijui kipi kilikuwa kipi. Nilitaka kumfokea, nikajikuta nakikodolea macho kile kitoto. Nadhani alifikiri nimeguswa na wema wake, maana alitabasamu.

"Hata kimoja hakijanifia, daktari," akasema, akikilaza taratibu katikati ya ndugu zake wapya, kwenye tundu lenye kibandiko cha jina langu. "Vyote vinafika kwako vizima."