Mvua Iliyochagua Upande

Mvua ilianza kama mvua nyingine yoyote ya mwishoni mwa Aprili pale Mbekenyera. Dionisia alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, anapuliza moto ili ugali uive kabla mumewe Kornel hajarudi kutoka shamba. Akasikia kitu kimegonga bati la nyumba kubwa. Akadhani ni watoto wanarusha mawe, akatoka awakanye. Hapakuwa na mtoto. Kikagonga kingine, kisha vingi kwa pamoja, na kimoja kikampiga begani kikadondoka miguuni pake. Kilikuwa cheupe, kikubwa kama yai la njiwa. Alikiokota akakitupa hapohapo, maana kilimchoma mkononi, na hakujua kama ameungua au amegandishwa.

Alikimbilia chumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Magreti. Wakakaa kitandani wameshikana, hawasikiani kwa kelele za bati. Kulipotulia walifungua mlango, na uwanja wote ulikuwa mweupe. Bibi Magreti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, aliuliza kwa Kimwera ni nani aliyemwaga chumvi yote ile.

Mvua ya mawe Dionisia aliisoma shuleni, lakini ile ilikuwa ya kwenye kitabu. Hii ilikuwa imelala mlangoni kwake na inatoa moshi wa baridi. Kuku wawili walikuwa wamekufa chini ya mpapai, na mpapai wenyewe haukuwa na jani hata moja.

Kornel alirudi ameshika karai alilojifunika nalo kichwani. Lilikuwa limebonyea kila mahali.

"Ufuta hakuna," alisema.

"Hakuna vipi?"

"Njoo uone."

Walikuwa wamechelewa kupanda mwaka huo, na ufuta wao ulikuwa ndio kwanza uko kwenye maua. Sasa kilichobaki ni vijiti vimesimama, na majani yamepondwa na kuchanganyika na tope. Barafu ilikuwa bado imejaa kwenye mitaro, wakawa wanaikanyaga mpaka miguu ikafa ganzi. Hilo Dionisia angeweza kulikubali. Lililomshinda aliliona walipofika kwenye njia ndogo iliyotenganisha shamba lao na la jirani yao Nurdini.

Nurdini alipanda mapema na alikuwa amekwisha kuvuna. Matita yake ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa yakauke, na yote yalikuwa wima kama alivyoyaacha. Udongo wa kwake ulikuwa na matone machache tu. Kornel alisimama njiani, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Nieleze, Mama Ivan," alisema. "Mimi sielewi."

Siku zilizofuata watu walikuja kutoa pole. Waliangalia matobo ya bati, wakaenda hadi shamba, na kila mmoja aligeuza macho upande wa pili wa njia. Kwenye mashine ya kusaga mwanamke mmoja aliuliza, "Na kwa Nurdini je?" Wenzake wakaanza kutazama madebe yao. Dada yake Dionisia aliyekuwa Mtua, huko Nachingwea, alipiga simu na kusema wazi kwamba hapo pana mkono wa mtu.

"Mkono wa mtu unatupa barafu kutoka juu?" Dionisia aliuliza. "Anaitoa wapi?"

"Hayo mimi sijui. Lakini jirani yenu amekuja kuwapa pole?"

Hakuwa amekuja. Hilo ndilo lililomkosesha Dionisia usingizi. Kwa miaka yote tangu wazazi wa Nurdini walipohamia kutoka Msumbiji, hapakupita asubuhi bila yeye kupiga hodi na kuwajulia hali. Sasa alikuwa anazunguka porini asipite mlangoni kwao. Kornel alianza kumwita "yule", na jioni moja alisema angemzuia kukanyaga ile njia.

Asubuhi yake Dionisia hakumuaga mtu. Alikwenda kwa Nurdini, akamkuta barazani anasuka kamba. Mkewe alimletea kigoda bila kumtazama usoni.

"Baba Raudha," Dionisia alisema, "tumewakosea nini?"

"Hamjatukosea."

"Basi mbona unatukimbia? Watu wanasema maneno, na mimi sina la kuwajibu."

Nurdini aliweka kamba chini.

"Siku ile niliona wingu linakuja," alisema. "Ufuta wangu umekatwa, uko chini ya mbingu. Ukilowa, umeoza. Nikaomba. Nikasema, Mola, ipitishe pembeni mvua hii. Ikapita pembeni. Pembeni ni kwenu, Mama Ivan. Nije niwape pole kwa uso gani?"

Dionisia alijikuta karibu acheke, na hakujua kwa nini.

"Sisi tulikuwa tunaomba inyeshe," alisema mwishowe. "Ufuta wetu ulikuwa unanyauka. Hata jumuiya ya kanisani walituombea."

"Kwa hiyo aliyesikilizwa ni nani?" aliuliza mke wa Nurdini kutoka mlangoni.

"Mimi sijui, mwenzangu," Dionisia alisema.

Kisha Nurdini akasema ana mbegu za choroko ndani, na kwamba ardhi ile iliyonyweshwa na barafu ingeweza kuziotesha kama zingepandwa haraka.

Dionisia alimweleza mumewe kila neno. Kornel alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi niliomba mvua," alisema. "Mawe sikuyaomba."

"Naye hakuomba yatupige."

"Sasa yametoka wapi?"

"Hata akija Padri kesho atatuambia ni mawingu," Dionisia alisema. "Nami nitauliza, kwa nini mawe yaishie kwenye ile njia? Tuyaache, Baba Ivan. Ardhi inakauka."

Nurdini alikuja na jembe lake kulipopambazuka. Kornel aliitikia salamu, akampa mstari wa kuanzia. Walilima mpaka jua kali, maneno machache, wakipokezana maji. Kuna wakati Kornel alisimama akamtazama mwenzake mgongoni, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu akaendelea.

Choroko ilitoka vizuri, ya kula na ya kuuza kidogo. Nurdini akarudia kupiga hodi asubuhi. Wapo waliotaka kujua yameishaje, wakamfuata Dionisia mpaka kisimani. Aliwajibu kwamba hajui, na hilo lilikuwa kweli, akajitwika ndoo yake akaenda.