Sikuikata Picha ya Barnabas

Msiniambie habari ya kusamehe. Miaka tisa nilisali kanisani hapa Homa Bay, na kila tulipofika "kama sisi tunavyowasamehe" nilifunga mdomo, kwa sababu ya mtu mmoja, Barnabas, ambaye hata uso wake sikuujua.

Barnabas alikuwa kaka mkubwa wa Caleb, mume wa dada yangu Awino. Caleb alipokufa mwaka wa 1956 alizikwa ndani ya boma lake kule Uriri. Kwetu Waluo mwanamume mwenye boma huzikwa bomani mwake, na kaburi hilo ndilo linalosema shamba ni la nani. Mimi nilikuwa kazini Kisumu, mazishi nikayakosa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Miaka mitatu baadaye Barnabas akamfukuza Awino na watoto wake, akang'oa msalaba, akapitisha plau juu ya kaburi la ndugu yake wa tumbo moja. Akapanda mahindi. Majirani walimwogopa, wakanyamaza, na dada yangu akarudi kwetu Kisegi kuanika omena, dagaa wa ziwani.

Mwaka wa 1968 kamati ya ardhi ikaanza kusikiza kesi za Uriri. Wiki hiyo akaingia dukani kwangu hapa Homa Bay, ninapotengeneza fremu, mzee mnene, picha yake imefungwa kwa gazeti.

"Fundi, nitilie fremu nzuri," akasema. "Nataka kamati inione nimesimama kwa shamba langu, mwaka wa hamsini na saba."

Nikamuuliza jina, nimwandikie risiti. Akalitaja: Barnabas, wa Uriri. Nikaliandika herufi kwa herufi.

Nilitaka kuiua ile picha. Ni kazi rahisi: unaibandika kwa gundi ya unga, unaigandamiza na kioo, halafu unyevu wa ziwa na mende wanamaliza. Lakini akaweka kidole upande wa kushoto. "Hapa ukate. Kuna takataka."

Nikaitazama hiyo takataka. Ilikuwa msalaba wa simenti ulioandikwa Caleb, 1956.

"Haitaonekana, mzee," nikamjibu kwa adabu zote.

Mhindi aliyenifundisha kazi alikuwa na amri moja: picha ya mtu haikatwi. Kisichotakiwa kinafunikwa. Unakata dirisha kwenye kadi, picha inakaa nyuma yake, imeshikwa kwa vikaratasi vyembamba na gundi ya wanga inayotoka kwa maji. Basi nikampa Barnabas kazi hiyo yote: kadi safi ya pamba, kioo kisichoigusa picha, mgongo nikauziba wadudu wasipite. Siku tatu nilifanya kazi kwa chuki tupu, na sijawahi kutengeneza fremu bora kuliko ile. Akaisifu sana, akaenda zake, nami nikasafiri kwenda Kisegi kumchukua Awino.

Kamati ilikaa darasani, Uriri. Barnabas akaapa kwamba Caleb hakuwahi kuwa na boma pale, na picha ikapita mkono kwa mkono. Nikasimama.

"Mimi ndiye fundi wa fremu hiyo, na huyu Awino ni dada yangu. Naomba niifungue."

Barnabas akacheka. "Fungua. Utanikuta mimi tu."

Nikachana karatasi ya mgongo, nikang'oa misumari, nikainua kadi. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma jina la Caleb na mwaka wake kwa sauti, pole pole.

"Si nilikuambia ukate!" Barnabas akanigeukia, mbele ya kamati nzima.

Siku za mwizi arobaini. Hakuna aliyeita shahidi mwingine. Nilimtazama akitafuta kiti, na sitawadanganya, nilifurahi mpaka tumboni.

Shamba liliandikwa kwa majina ya wana wa Awino. Barnabas hakurudi kuidai picha, kwa hiyo dada yangu akaniomba nimtundikie nyumbani kwake. Nikakata kadi nyingine, dirisha upande wa kushoto. Sasa ukiingia kwa Awino unaliona kaburi la Caleb lote, na msalaba wake, na maua ya siku ile picha ilipopigwa. Barnabas naye yumo, chini ya kadi, mzima kabisa, hata mende hawezi kumfikia. Sikumkata. Nilimfunika.