Mwizi wa Kengele ya Tawcombe

Kijiji cha Tawcombe hakikuwahi kutoa jemadari wala mshairi. Kilichowahi kutoa ni Elias Tapscott, aliyehukumiwa kwa kuiba kengele ya kanisa, akapelekwa Australia na pingu mikononi. Reg Tapscott, fundi matrekta, alikuwa akimwonea aibu babu huyo mpaka watalii walipoanza kuja. Siku hizi kila Jumamosi Reg hukaa baa, na wageni humnunulia bia ili wapige picha na kitukuu wa mwizi. Usoni huwa anakunja ndita kidogo, afanane na mwizi, wapate haki yao.

Halafu watu waliokuwa wakichimba mtaro wa choo kwenye bustani ya kasisi wakaikuta kengele.

Mwalimu mstaafu Hester Quance, anayeandika historia ya kijiji, akamfuata Reg gereji.

"Reg, babu yako hakuiba. Kasisi wa enzi zile aliizika mwenyewe, ilikuwa inamkatizia usingizi. Nani mwingine angechimba shimo kubwa vile bustanini kwake asionekane? Kesho kwenye mkutano natangaza."

Reg akaweka spana chini. "Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Namsafisha babu yako."

"Nani kakutuma? Mtu msafi ananunuliwa bia na nani?"

Kesho yake ukumbi ulijaa. Hester alipomaliza, Reg akasimama, kofia mkononi.

"Elias aliiba. Aliizika kwa kasisi kwa sababu hakuna ambaye angeitafuta pale. Alikuwa mwizi mwenye akili, msimvunjie heshima."

"Namuunga mkono Bwana Tapscott," akasema Kasisi Pomeroy haraka. Mwenye baa alikuwa ameshanyoosha mkono kabla ya kuulizwa.

"Historia haipigiwi kura," Hester akasema.

"Hapa inapigiwa, mwalimu. Kaa," akajibu mwenye baa.

Mikono ikapaa. Elias akabaki mwizi.

Nje, mkewe Doreen akamshika Reg mkono. "Hongera, mume wangu. Sasa tumekuwa wezi kwa kura."

Kasisi akawafuata mbio. "Bwana Tapscott, nashukuru sana. Basi Jumatatu utakuja na trekta uitoe ile kengele shimoni, uipandishe mnarani."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Ukoo wenu ndio ulioizika. Umesema mwenyewe mbele ya watu." Kasisi akatazama mlango wa ukumbi. "Au nimrudie mwalimu?"

Doreen alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Saa ngapi?" akauliza Reg.